Fahamu: Kwa nini ranchi za Taita Taveta zinauza kaboni

Ranchi ya Rukinga, karibu na Maungu, nje kidogo ya Voi, ilikuwa ya ng'ombe. Ila hapa mvua ni ya kubahatisha, na tembo hupita wakivuka baina ya mbuga za Tsavo Mashariki na Magharibi. Kampuni ya Wildlife Works ilianza kwa kushona nguo: mwenye ajira, ilidhaniwa, hatakata miti achome makaa. Lakini cherehani pekee hazilindi msitu mzima.

Ndipo ikageukia kaboni. Mwaka 2011, mradi wake wa Kasigau, unaojumuisha Rukinga na wenye takriban hekta 200,000, ukawa wa kwanza duniani kupewa krediti za REDD+, yaani vyeti vya kaboni inayobaki kwenye msitu uliolindwa, chini ya VCS, kiwango cha kuthibitisha krediti hizo. Kampuni za ng'ambo hulipia miti isiyokatwa ili kufidia moshi wao. Wenye ranchi na vijiji hupata mgao.

Mgao huo ndio wenye utata. Sheria ya Kenya ya 2023 inataka miradi ya kaboni inayotegemea ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, gharama zikishatolewa. Mwananchi aulize kwanza: gharama hizo anazikagua nani?