Mtambo Unapopungukiwa Nguvu kwa Sababu ya AdBlue

Sensa za AdBlue, kimiminika cha urea cha kusafishia moshi, huipasha habari kompyuta ya injini ya dizeli kuhusu tangi la urea: kiasi kilichobaki, joto lake, na kama kilichomo ni urea halisi au kitu kingine. Mitambo mingi huwa na sensa zote tatu katika kifaa kimoja kinachozamishwa ndani ya tangi. Habari ikikosekana au ikitia shaka, kompyuta haisubiri. Huwasha taa ya onyo, baada ya muda hupunguza nguvu ya injini, na mwisho huiacha ikiunguruma tu bila kuweza kuinua ndoo ya udongo.

Tatizo hili sasa linaifikia hata wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ambayo imezoea mitambo. Reli ya kisasa ya Morogoro hadi Makutupora, ambayo treni zake za Dodoma zilianza kubeba abiria Julai 2024, ilipitishwa kwenye mahandaki yaliyotobolewa katika milima ya wilaya hiyo. Kabla ya hapo, mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu reli ya kati, na tuta na madaraja yakahitaji kazi kubwa. Upande wa Mikumi kuna barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inayokatiza hifadhi ya taifa, na haikosi matengenezo. Greda na ekskaveta za zamani zinazofanya kazi maeneo haya hazina tangi la urea kabisa. Tangi hilo huja na mitambo iliyotengenezwa kwa masoko ya Ulaya, Marekani na Japani hasa kuanzia mwaka 2014, sheria za moshi zilipokazwa, na sasa mitambo hiyo inauzwa Afrika ikiwa imeshatumika.

Sababu ya kuwapo kwa mfumo huu ni moshi wenyewe. Dizeli inapoungua kwa joto kali, nitrojeni na oksijeni za hewani huungana kuwa oksidi za nitrojeni, gesi zinazoumiza mapafu, na ndani ya handaki hazina pa kutokea. AdBlue, yaani maji safi yaliyochanganywa na urea asilimia 32.5, hunyunyizwa kwenye ekzosi. Joto huigeuza kuwa amonia, na ndani ya katalisti amonia hubadilisha zile oksidi kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Sensa mbili za ekzosi, moja kabla ya katalisti na nyingine baada yake, hupima kama kazi imefanyika.

Utafutaji wa hitilafu huanza na namba inayoonekana kwenye dashibodi au kwenye kifaa cha kusomea, nayo iandikwe kabla ya kufutwa. Katika mitambo inayofuata kanuni ya mawasiliano ya J1939, namba 1761 inahusu kiasi cha urea, 3031 joto lake, na 3364 ubora wake. Namba ndogo inayofuata ndiyo yenye maana zaidi: 3 ni volti zilizopanda kupita kiasi, 4 ni volti zilizoshuka, 5 mara nyingi ni waya uliokatika, na 9 ni taarifa zisizofika kwa wakati. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Fundi akiona neno sensa kwenye kioo, huagiza sensa mpya kutoka Dar es Salaam, mtambo unalala siku kadhaa, kipuri kinafika na kufungwa, na taa ile ile inawaka tena. Namba ya ubora peke yake haisemi kwamba sensa ni mbovu. Husema kwamba sensa imepima kitu na haikukikubali, na mara nyingi sensa ndiyo yenye haki.

Kwa hiyo kinachopimwa kwanza ni kilichomo tangini. Rifraktomita ya urea, kifaa cha mkononi kisicho na umeme kinachohitaji matone machache tu, ikionyesha kati ya 31.8 na 33.2 mkolezo uko sawa. Sampuli ichukuliwe tangini, na nyingine kwenye pipa lililotumika kujazia, maana hitilafu inaweza kuwa imeingia njiani. Urea nzuri haina rangi, kama maji. Ikiwa na ukungu, mashapo au utando wa mafuta juu yake, imwagwe yote. Madumu ya mafuta ya kula yanayotumika tena saiti ni chanzo cha kawaida cha utando huo. Dizeli iliyomiminwa tangini kwa makosa ni mbaya zaidi: huharibu sili za mpira za pampu na kulemaza katalisti, kwa hiyo ikigundulika, ufunguo usizungushwe hata mara moja mpaka tangi litolewe na kusafishwa.

Joto la bonde la Kilosa nalo lina hesabu yake. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 22241, AdBlue iliyohifadhiwa katika nyuzi 25 hudumu miezi 18, katika nyuzi 30 hudumu mwaka mmoja, na katika nyuzi 35 hudumu miezi 6 tu. Kontena la chuma lililoachwa juani hupita hapo kwa urahisi. Pipa lenye tarehe isiyosomeka halifai kununuliwa, hata likiwa la bei nafuu.

Lipo jambo jingine linalohitaji kusemwa wazi kwa sababu linavutia sana katika wilaya ya wakulima. Urea ya mbolea inapatikana kwenye maduka ya pembejeo, na mtu anaweza kuiyeyusha kwenye maji ya kisima mpaka rifraktomita ionyeshe 32.5 kamili. Sensa itaridhika, kwa kuwa inapima mkolezo na haipimi usafi. Lakini mbolea ina baiyureti nyingi kuliko asilimia 0.3 inayoruhusiwa, hupakwa dawa ya kuzuia chembe zisigandamane, na maji ya kisima yana chumvichumvi. Vyote hivyo huishia kwenye sindano ya kunyunyizia na kwenye katalisti, na katalisti hugharimu mara nyingi zaidi ya kilichookolewa.

Hata urea safi inaweza kuidanganya sensa. Sensa nyingi za sasa hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio na kupima muda yanaotumia kusafiri ndani ya kimiminika. Mapovu huyavuruga mawimbi hayo. Mtambo uliojazwa kwa kumimina kutoka juu unaweza kulalamikia ubora dakika chache baadaye, kisha ukatulia wenyewe. Mtambo ulioegeshwa kwenye mteremko hutoa kipimo cha uongo cha kiasi. Na urea iliyokauka huacha fuwele nyeupe zinazoshika boya la sensa za aina ya zamani au kufunika uso wa sensa za mawimbi. Fuwele hizo huyeyuka kwa maji safi ya uvuguvugu yasiyo na chumvi, na sensa nyingi zinazotupwa zingepona kwa kuoshwa tu.

Fuwele huzalishwa pia na tabia za maopereta. Injini ikizimwa, pampu huendelea kwa dakika kadhaa ikinyonya urea iliyobaki kwenye mipira na kuirudisha tangini. Opereta anayekata swichi kuu ya betri papo hapo ili awahi nyumbani huikatisha kazi hiyo, na urea hukaukia ndani ya pampu. Mitambo mingi ina taa inayoonyesha ni lini swichi inaweza kukatwa.

Kimiminika kikiwa salama, zamu ni ya waya. Urea ikivuja kwenye plagi hupanda ndani ya waya wenyewe, kati ya nyuzi za shaba, na kuigeuza shaba kuwa unga wa kijani mbali na mahali ilipovuja. Plagi zifunguliwe zote, si ile ya sensa peke yake. Volti za kulisha sensa zipimwe ikiwa imeunganishwa, kwa kuwa waya uliobaki na nyuzi mbili tatu huonyesha volti kamili pasipo mzigo. Kwenye mtandao wa CAN, unaobeba mawasiliano ya sensa na kompyuta, betri ikiwa imekatwa, multimita isome takriban omu 60 kati ya waya zake mbili. Ikisoma 120, kinzani moja ya mwisho imepotea au waya umekatika. Ikikaribia sifuri, waya zimegusana. Matope ya masika na panya wa kambini huharibu waya hizi mara nyingi kuliko uchakavu.

Sensa za ekzosi zina ujanja wao. Huihesabu amonia kama oksidi ya nitrojeni, hivyo sindano inayovuja urea kupita kiasi huonekana kana kwamba katalisti imekufa. Tundu kwenye bomba kabla ya sensa ya mwisho huingiza hewa na kubadilisha kipimo. Sensa ya ekzosi ikaguliwe baada ya mambo hayo mawili kuondolewa.

Wapo wanaouza programu ya kuzima mfumo mzima. Hiyo si tiba. Oksidi za nitrojeni hurudi kwa wafanyakazi, na kompyuta iliyochezewa humnyima fundi mwingine namba za kumwongoza siku mtambo utakapoharibika kwingine. Malalamiko dhidi ya ukali wa mfumo yana msingi, na Agosti 2025 EPA, shirika la mazingira la Marekani, liliwataka watengenezaji kurekebisha programu zao ili mitambo isipoteze nguvu ghafla. Marekebisho hayo ni ya mtengenezaji, na mwenye mtambo ana haki ya kumuuliza wakala kama yapo kwa injini yake.

Baada ya matengenezo, huenda nguvu zisirudi papo hapo. Mitambo mingi huhitaji jaribio la katalisti, injini ikifanya kazi na ekzosi ikiwa na joto la kutosha, ndipo kompyuta iondoe kizuizi. Mafundi wengi huishia kuilaumu sensa mpya kwa sababu hawakulifanya jaribio hilo. Mtambo usitoke gereji kabla halijakamilika, hata kama malori ya kifusi yamepanga foleni yakiusubiri.