Beseni Jeupe

Kununua beseni la plastiki si kazi Kampala. Ingia soko la Owino, upande wa vyombo, utayakuta yamepandana hadi juu, na bei ni maelewano. Kazi iko kwenye rangi. La njano lingekuwa la chama cha NRM, jekundu la NUP, la bluu la FDC, la kijani la DP, na la zambarau, ambalo mimi ndilo nililolipenda, lingetupeleka moja kwa moja ANT kwa Jenerali Mugisha Muntu. Mama muuzaji alinitazama nikirudisha moja baada ya jingine mpaka akachoka. “Nnyabo, beseni la kufulia nalo lina chama?” Nikachukua jeupe, nikalipa, nikaenda zangu kutafuta taksi.

Halikuwa la kufulia, lilikuwa la kupigia kura. Uganda vituo vingi vya kura huwa nje, uwanjani au chini ya mwembe, na mahali pa siri ni meza iliyotengwa pembeni, juu yake beseni. Unainama, mikono ndani ya beseni, unatia alama kwa kalamu au kwa dole gumba, unakunja karatasi, unaipeleka kwenye sanduku. Wageni wakiona hucheka. Mimi naona aliyelibuni jambo hili alitumia akili: ukingo wa beseni unaficha kidole chako, lakini wewe mwenyewe unaonekana na umati wote, kwa hiyo hakuna wa kukusimamia mgongoni akakuelekeza.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Arua, na kikundi chetu ni cha walimu wachache pamoja na wanafunzi wetu wa zamani. Ijumaa mchana, masomo yakishalegea, tunaingia sekondari za Makindye na Rubaga kufundisha uchaguzi. Wakuu wa shule wanatupa sharti moja: siasa ibaki getini. Ndiyo sababu ya ile shida ya rangi, na alama za wagombea nazo tunazichuja. Basi ni la NRM, mwavuli wa NUP, ufunguo wa FDC, jembe la DP, kiganja ni cha UPC. Tumebakiwa na kuku, baiskeli na kikombe.

Wagombea wenyewe ni vyakula, kila kimoja na alama yake. Wanafunzi wa Uganda wanakula posho, yaani ugali, na maharage leo, kesho na keshokutwa, na mkuu wa shule moja alitukubalia kwamba mshindi atapikwa kweli Ijumaa inayofuata. Wali kwa nyama, matoke kwa mchuzi wa karanga, au chapati kwa maharage. Hapo ndipo nilipoona kampeni! Wakala wa chapati, msichana mdogo mwenye sauti ya muadhini, aliahidi chapati mbili kwa kila kichwa, na wa matoke akamuuliza mbele ya watu unga wa kuongeza ameupata wapi.

Wakati wa kuhesabu, karatasi moja ilikuwa na alama iliyokaa juu ya mstari, nusu kwa kuku, nusu kwa baiskeli. Nyingine imeandikwa chini kwa herufi kubwa, “Posho basi!”, na mwenyewe akaweka jina lake na darasa lake. Darasa likawaka moto. Wengine wanasema nia yake inajulikana, wengine wanauliza, inajulikana nia ipi, ya wali au ya matoke? Na kura ya siri haibebi jina la mtu. Zote mbili zikawekwa upande wa zilizoharibika. Ndipo nikawaandikia ubaoni za wakubwa: Februari 2016 kura za rais zilizoharibika nchi nzima zilipita 470,000, na Januari 2021 zilipita 380,000. Hizo ni za watu walioamka alfajiri, wakapanga foleni juani, wakarudi nyumbani wakiamini wamechagua.

Kisha tukajaza fomu ya matokeo, ile inayoitwa DR na kila dereva wa bodaboda. Sheria inataka kura zihesabiwe pale pale kituoni, hadharani, msimamizi na mawakala watie saini, na kila wakala abaki na nakala yake. Wali ulishinda kwa kura tatu. Wakala wa chapati alitia saini huku amenuna, lakini nakala yake aliikunja akaitia kwenye soksi. Ijumaa iliyofuata jikoni walipika posho. Mchele umepanda bei, walisema. Basi mawakala wote watatu, hata wa chapati, wakaenda ofisini kwa mkuu na nakala zao mkononi, na wali ukaliwa wiki iliyofuata, nyama ikiwa ya kutafuta kwa tochi.

Kazi hii hatukuianza sisi. Ibara ya 61 ya Katiba ya 1995 inaikabidhi Tume ya Uchaguzi elimu ya mpiga kura, na vikundi vya raia vinaifanya kwa ruhusa yake. Kikubwa kilichojulikana ni CCEDU, muungano wa asasi ulioundwa 2009 ambao ulifika hadi vijijini. Julai 2018, siku chache kabla ya wananchi kuchagua wenyeviti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, kwa kujipanga mstari nyuma ya mgombea, Tume iliusimamisha ikidai unaegemea upande. Uliruhusiwa tena Februari 2019. Wasomaji wa Kenya wanaikumbuka mistari ya aina hiyo kwa jina la mlolongo, tangu 1988. Wanafunzi wangu huuliza kwa nini tunawafundisha beseni na siri ilhali mwenyekiti wa mtaa wao alichaguliwa jirani akimwona jirani. Nawaambia ni swali zuri, walipeleke nyumbani.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, beseni ndiyo sehemu nyepesi. Kijana wa Kampala haikosi kura yake siku ya uchaguzi. Anaikosa mwaka mzima kabla, wakati hata mabango ya kampeni hayajabandikwa, siku daftari la wapiga kura linapofungwa. Kwa uchaguzi wa Januari 14, 2021, uandikishaji ulimalizika Desemba 23, 2019. Aliyezaliwa Januari 2002 alitimiza miaka 18 wiki chache baadaye, akaukaa karibu mwaka mzima wa 2020 akiwa mtu mzima kisheria, na siku ya kura akabaki mtazamaji. Rais wa kwanza aliyeweza kumpigia au kumnyima kura ni wa Januari 15, 2026, kijana huyo akiwa na takriban miaka 24. Na Ibara ya 59 inasema kujiandikisha ni wajibu wa kila raia aliyefikisha 18!

Kwa hiyo siku hizi nachora mstari ubaoni. Kwa 2026 uandikishaji ulifanyika Januari na Februari 2025. Tume ikifuata mtindo huo, daftari la 2031 litafungwa mapema 2030. Kila mtoto anakuja kuandika tarehe yake ya kuzaliwa, upande huu au ule wa mstari. Mvulana wa kidato cha kwanza, wa Aprili 2012, aliangukia upande mbaya. “Mwalimu, sasa mimi nitakuwa mtu mzima au si mtu mzima?” Nikamwambia mtu mzima kabisa, ila wa kusubiri 2036.

Wa bweni wana shida yao ya pili. Uchaguzi wa Januari huwakuta likizo. Ukijiandikisha karibu na shule, Rubaga, na kwenu ni Kabale, siku ya kura utahitaji nauli ya basi kwenda na kurudi kwa ajili ya karatasi moja. Heri kujiandikisha nyumbani, au kuhamisha kituo wakati daftari linaporekebishwa. Haya hayamo kwenye nyimbo za kampeni, na hakuna mgombea aliyewahi kuja kuyaeleza bwenini.

Baada ya kipindi hicho cha mstari, wasichana wawili wa kidato cha tano walinifuata. Wameshapita 16, umri wa kupewa kitambulisho cha taifa kinachotumika kujiandikisha, na hawana hata NIN, namba ya utambulisho. Mmoja jina lake la cheti cha kuzaliwa halilingani na la shule. Ijumaa iliyofuata hatukufungua sanduku wala beseni. Tulikaa na fomu za NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, tukalinganisha majina herufi kwa herufi hadi kengele ya jioni, na bado kuna waliobaki.