Kitambi, bia na hesabu ya ini

Mtu akitaka kupunguza kitambi huambiwa kwanza aache bia, nyama choma na kila kinachomfurahisha jioni. Hujikaza wiki kadhaa, halafu harusi moja tu inamrudisha alikotoka. Naamini ushauri huo umewakatisha tamaa wengi kuliko uliowasaidia, na wala sayansi ya mwili haiudai. Muhimu ni kujua bia inafanya nini ikishapita kooni.

Chukua chupa ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5. Ndani yake mna takriban gramu 20 za alkoholi, na kila gramu hutoa kalori 7. Mafuta hutoa 9, wanga 4. Ukiongeza wanga unaobaki kutoka kwenye nafaka, chupa nzima hufikia kalori 200 hivi. Soda ya mililita 350 ina kama 150, kwa hiyo asiyekunywa pombe naye asijione amesalimika.

Wengi hudhani bia hugeuka mafuta moja kwa moja. Mwaka 1999 watafiti Siler, Neese na Hellerstein wa Marekani waliwapa wanaume gramu 24 za alkoholi, sawa na chupa moja na kidogo, kisha wakaifuatilia mwilini. Iliyogeuka mafuta haikufika asilimia 5. Ila uchomaji wa mafuta mwilini ulishuka kwa asilimia 73! Mwili hauna mahali pa kuweka akiba ya alkoholi, na kwake ni sumu, hivyo ini huishughulikia kabla ya vyote. Linaigeuza kuwa asetati, asetati inaingia kwenye damu, misuli inaichoma hiyo kwanza. Mafuta ya tumboni, pamoja na yale uliyokula usiku huo, yanasubiri zamu.

Na zamu huchelewa kufika. Ini la mtu wa kawaida humaliza gramu 7 hadi 10 za alkoholi kwa saa, yaani chupa moja kwa saa mbili hadi tatu. Aliyeanza kunywa saa mbili usiku na kumaliza chupa nne, ini lake linaweza kuwa bado kazini alfajiri.

Ndiyo maana sahani iliyo kando ya chupa ina uzito mkubwa katika hesabu hii. Pombe huamsha hamu ya kula, na saa tano usiku hamu hiyo huishia kwa muuza chips mayai. Viazi vimekwishazama kwenye karai la mafuta, vinahamishiwa kwenye kikaango chenye mafuta mengine, mayai mawili yanamiminwa juu. Hapo kalori 700 hupita kirahisi, zaidi ya bia tatu. Mbuzi wa kuchoma asiye na mafuta, gramu 100, ana kalori 143 na protini gramu 27, na protini hushibisha kuliko wanga au mafuta. Nyama hiyo ikikatwa kwenye ubao, ikaja na kachumbari, ndimu, pilipili na kipande cha ugali, sioni sababu ya mtu kujinyima. Kinachoharibu ni watu wawili kumaliza kilo mbili na chips pembeni.

Wapo wanaotegemea kuilipia bia kwa mazoezi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao wanaume wao walitembea kama kilomita 11 kwa siku. Ukizingatia ukubwa wa mwili, jumla ya nguvu walizotumia kwa siku haikuzidi ya Wamarekani na Wazungu. Kutembea kunalinda moyo na kusaidia uzito usirudi, kwa hiyo endelea. Lakini chupa moja hudai karibu kilomita 4 za miguu, na ni rahisi zaidi kutoiagiza.

Kutoiagiza kunaleta nini? Kevin Hall na wenzake walikadiria mwaka 2011 kwamba mtu mzima mwenye uzito uliozidi akipunguza kalori 24 kwa siku kwa kudumu, mwishowe hupungua kilo 1. Nusu ya upungufu huo huja ndani ya mwaka wa kwanza, karibu wote ndani ya miaka 3. Basi anayekunywa chupa 14 kwa wiki akibaki na 7, na asifidie kwa chakula, anaokoa kalori 200 kwa siku. Hiyo ni kama kilo 8, nne kati yake ndani ya mwaka, na bado anakaa na rafiki zake. Ale mlo kamili kabla ya kwenda baa, aagize maji baada ya kila chupa, na raundi ya tatu aikatae waziwazi. Hizo saba asizimalize Jumamosi moja.

Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara, hivyo asiyekunywa asianze. Mjamzito na dereva wasiguse kabisa. Anayetumia dawa za kisukari amuulize daktari kwanza, kwa kuwa pombe huweza kuishusha sukari yake usiku akiwa amelala. Na wewe unayepanga mbili kila mara ukamaliza sita, nenda kituo cha afya ueleze hivyo hivyo, bila kupunguza idadi.