Papai liwekwe kando ya maharage, chai isubiri

Tunduma. Katika nyumba nyingi za Tunduma, Vwawa na Mlowo, papai hukumbukwa mtu anapokosa choo au anapotoka hospitali. Mtoto mzima hapewi, kwa sababu haumwi. Hapo ndipo wazazi wengi wanapopoteza faida kubwa ya tunda hili.

Songwe si mkoa wa njaa. Mahindi, maharage, ndizi na kahawa vinalimwa kwa wingi, hasa Mbozi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 uliutaja kati ya mikoa ambayo zaidi ya asilimia 40 ya watoto chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Utafiti wa afya wa 2015/16 nao ulionyesha kuwa asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 nchini wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo huchangia, lakini sababu nyingine ni ukosefu wa madini ya chuma.

Maharage yana madini hayo. Shida ni kwamba chuma cha mimea hufyonzwa kidogo sana mwilini, isipokuwa kikisaidiwa na vitamini C. Gramu 100 za papai lililoiva, yaani vipande vichache tu, zina takriban miligramu 60 za vitamini hiyo. Mtoto wa mwaka mmoja hadi sita anahitaji miligramu 30 kwa siku.

Kwa hiyo papai liliwe katika mlo uleule wa ugali na maharage, si kesho yake asubuhi. Chai, ambayo familia nyingi hunywa na chakula kwa sababu ya baridi, huzuia chuma kufyonzwa. Isubiri angalau saa moja baada ya kula.

Rangi ya chungwa ya papai pia inaashiria viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Hivi huhitaji mafuta kidogo, hivyo mboga iliyoungwa kwa karanga inafaa sana mlo huo.

Kuchagua sokoni

Chagua papai zito, lililoanza kuwa la njano na linalobonyea kidogo ukiligusa. Linuse kwenye kikonyo: likinukia tamu, limeiva, likinuka uchachu, liache. Epuka lenye michubuko laini, kwani huoza haraka.

Likiwa bado na kijani, liweke ndani pamoja na ndizi mbivu kwa siku mbili au tatu. Kwenye baridi ya Tunduma linaweza kuchukua muda zaidi. Usiliweke kwenye friji kabla halijaiva.

Lioshe kabla ya kulikata, maana kisu hupeleka uchafu wa ganda ndani. Kwa sababu hiyohiyo, usimnunulie mtoto vipande vilivyokaa wazi barabarani kwenye vumbi la malori.

Jikoni

Kwa mtoto aliyefikisha miezi sita, ponda papai bivu kwa uma, kisha changanya kwenye uji ukishaepuliwa na kupoa. Usilichemshe, moto hupunguza vitamini C.

Kwa wakubwa, kamulia ndimu juu ya vipande, au saga juisi bila sukari na uinywe bila kuichuja ili nyuzinyuzi zibaki.

Papai bichi ni mboga. Limenye, toa mbegu, likate vipande, lisuuze utomvu, kisha pika na kitunguu, nyanya na karanga zilizotwangwa. Kipande kibichi kikikwaruzwa na kupakwa kwenye nyama ngumu kwa nusu saa, huilainisha na kuokoa mkaa.

Tahadhari

Mjamzito aepuke papai bichi lenye utomvu. Lililoiva vizuri ni salama. Mtoto akiwashwa au kuvimba midomo baada ya kula, acha kumpa na umpeleke kituo cha afya.

Papai pia halichukui nafasi ya maharage, dagaa, yai au maziwa. Kazi yake ni kuvisaidia. Jioni ya leo, kabla ya kupakua, kata papai kwanza na uliweke mezani. Birika libaki jikoni kwanza.