Alamisho Zikichanganyika, Siri Hupotea

Askari anapokabidhiwa bunduki, namba ya silaha hiyo huandikwa daftarini mbele ya jina lake. Ikitumiwa vibaya, daftari ndilo hujibu. Utaratibu huo wa ghalani ndio unaotakiwa pia katika kompyuta za ofisini.

Tuchukulie ofisi iliyopo Kagarama, wilayani Kicukiro, mjini Kigali, ambamo watumishi kumi wanafanyia kazi katika seva moja iliyo mbali. Asubuhi mpelelezi anaweka katika kivinjari alamisho ya ukurasa unaohusu kesi anayoifuatilia. Mchana karani wa mishahara anafungua kivinjari chake na kuikuta alamisho ile ile. Huenda wengine wakacheka. Sisi twasema jambo hilo si la kuchekwa, kwani jina la ukurasa peke yake laweza kumfichua shahidi au mahali pa msako.

Wengi huilaumu seva. Kwa kawaida, seva ya Windows humpa kila mtumiaji folda yake, na humo ndimo alamisho huhifadhiwa: Chrome katika faili liitwalo Bookmarks, na Firefox katika faili liitwalo places.sqlite. Zikichanganyika katika Chrome, yafaa zichunguzwe sababu tatu.

Kwanza, huenda watu wote wanaingia katika seva kwa jina moja na neno moja la siri. Amri ya whoami italionyesha jina hilo. Dawa yake ni kila mmoja kupewa akaunti yake mwenyewe.

Pili, huenda kila mtu ana jina lake, lakini kivinjari kimeelekezwa kwenye folda moja ya wote. Ndugu askari, andika chrome://version mahali pa anwani, nawe utaiona njia ya folda inayotumika. Ikiwa watu wawili wana njia ile ile, fundi na aliondoe agizo la --user-data-dir, au sera iliyoiweka njia hiyo.

Tatu, huenda folda ni mbalimbali, lakini wote wameingia katika kivinjari kwa akaunti moja ya Google, na usawazishaji unazieneza alamisho kwa kila mmoja. Hapa pana hatari: ukifuta kabla ya kuuzima usawazishaji, utakuwa umewafutia wenzako wote. Basi zima kwanza, weka nakala, ndipo usafishe.

Zipo anwani zinazostahili kuonwa na kikosi kizima. Hizo msimamizi wa seva huzigawa kwa sera iitwayo ManagedBookmarks, na watumiaji huzifungua bila kuweza kuzibadili. Hivyo cha wote hubaki cha wote, na cha mtu hubaki chake.

Tena jambo hili halikuachiwa hiari ya mtu. Rwanda inayo Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayolinda taarifa binafsi na faragha. Jina la raia lililomo katika kazi ya mpelelezi ni amana, wala si habari ya kupitishwa meza kwa meza.

Kwa hiyo mkuu wa ofisi asingoje siri ivuje. Awaambie askari wawili wanaoketi jirani wafungue ukurasa ule wa chrome://version na kulinganisha mstari mmoja tu. Kazi hiyo haizidi dakika mbili.