Namba Isiyohama

Theluji ilipoyeyuka mwaka huu, kaka mmoja wa Bukavu alikuwa na namba yake ya tatu. Hulala ndani ya gari nyuma ya duka kubwa, katika mji wa kaskazini mwa Marekani, na anatafuta kazi kwa bidii kuliko wengi wenye vitanda. Ghala moja lilimkubali. Likampigia mara mbili kwenye namba ya pili, iliyokuwa imekufa pamoja na simu iliyolowa mvua, kisha likamwita aliyemfuata kwenye orodha. Yeye alikuwa ameshanunua simu nyingine ya bei rahisi, ikaja na namba yake mpya, naye akaona mambo yameisha.

Sisi tunaosaidia watu wa namna hii hukimbilia kununua simu. Simu hupotea, huibwa, huzimika betri. Kinachomgharimu mtu ni kubadilika kwa namba na anwani baada ya kuziandika kwenye fomu ishirini. Kwa hiyo nilipolinganisha bei, nilijiuliza ni kipi kitabaki mahali pake hata mwenyewe akihama.

Tuanze na cha serikali. Mpango wa Lifeline, ulioanza 1985, hulipia dola 9.25 za bili kila mwezi, na kampuni kadhaa hutoa kifurushi kizima bure kwa kiasi hicho, chenye data isiyopungua GB 4.5. Ukiwa unapokea msaada wa chakula wa SNAP au bima ya Medicaid, unastahili. Watu wengi wa shelta hukata tamaa wakisikia kwamba ni laini moja kwa kila kaya, maana watu mia wanatumia anwani moja. Wasikate. Wasiochangia mapato na matumizi huhesabiwa kaya mbalimbali hata kama vitanda vyao vinagusana. Kuna fomu ya kujaza, basi. Mtego uko kwingine: laini ya bure isipotumika siku 30 hutolewa onyo, na baada ya siku 15 nyingine hukatwa. Kila mwaka pia mtu hulazimika kuthibitisha kwamba bado anastahili, na barua ya kumkumbusha hutumwa, ndiyo, kwenye anwani. Ile nafuu ya intaneti ya dola 30 iliyokuja wakati wa korona ilikwisha katikati ya 2024. Anayekuahidi leo ana lake jambo.

Laini ya kulipia kabla hupatikana kwa dola 10 hadi 25 kwa mwezi. Haina fomu wala maswali. Ila mwezi mmoja ukikosa pesa, namba iko hatarini. Kumbuka kwamba sheria inakuruhusu kuhamisha namba yako kutoka kampuni moja hadi nyingine, mradi uiombe kabla laini haijafa. Kaka yetu hakulijua hilo, na aliyemuuzia simu hakuona sababu ya kumwambia.

Wazo la kutenganisha namba na simu si geni. Seattle, mwaka 1991, ulianza mpango wa kuwapa wasio na nyumba visanduku vya ujumbe wa sauti. Mwajiri alisikia salamu ya kawaida, asijue mwenyewe analala wapi. Leo Google Voice hufanya kazi hiyo bure. Unahitaji namba hai ya Marekani siku ya kujisajili, baada ya hapo ujumbe hukungoja, unaweza kuusoma kwenye kompyuta ya maktaba. Isipotumika kwa muda mrefu huchukuliwa, na baadhi ya benki huikataa. Hata hivyo, kwenye fomu za kazi ningeandika hii, na ile ya Lifeline niitumie kuongea.

Barua ndizo zinazoua nafasi za nyumba. Foleni ya nyumba za ruzuku huweza kuchukua miaka, na ofisi hutuma barua kuuliza kama bado unahitaji. Usipojibu, unafutwa. Anwani ya shelta ni bure, lakini ukishaondoka hakuna anayeahidi kukutunzia barua. Ya rafiki ni bure pia, na ina siasa zake: mwenye nyumba wake aweza kuuliza maswali, na mleta barua hurudisha bahasha asipoona jina lako. Andika jina la mwenyeji chini ya lako.

Posta yenyewe ina huduma iitwayo General Delivery, ambayo wengi hawaijui. Unaandikiwa jina lako, maneno hayo mawili, mji na msimbo wa posta. Barua hukaa kaunta kwa kawaida hadi siku 30, unachukua kwa kitambulisho. Bei yake ni sifuri. Sanduku la posta hulipiwa, kuanzia miezi mitatu, na huhitaji vitambulisho viwili, ingawa asiye na nyumba anaweza kutumia shelta au mwajiri kama anwani ya kumthibitisha. Masanduku ya maduka binafsi hutoa anwani ya mtaa inayopendeza kwenye fomu. Kwa mtu wa garini naona ni anasa. Mwenye kesi ya uhamiaji ajue kwamba akihama ana siku 10 za kuijulisha idara ya uhamiaji, na mahakama humpa 5 tu.

Jumamosi tulikaa na kaka kwenye gari lake tukafungua akaunti ya Google Voice. Google ilitoa misimbo kumi ya akiba, ya kumwezesha kuingia siku simu ikipotea. Akainakili kwa kalamu, tarakimu nane nane, akakunja karatasi na kuiweka nyuma ya leseni. Ikabaki salamu ya sauti. Ya kwanza aliirekodi kwa Kifaransa, akacheka, akaifuta. Kabla ya ile ya Kiingereza alipandisha vioo vyote vya gari, akangoja lori lipite.