Hotdogi za Marekani, mji kwa mji

Wageni wengi wanaofika Marekani hula hotdogi ya kwanza uwanja wa ndege au kwenye mkokoteni wa kona ya New York: soseji iliyoloweka majini tangu asubuhi, mkate baridi, mstari wa tomato sosi. Wakirudi nyumbani wanasema ni chakula kisicho na ladha. Siwalaumu, lakini hawajaila bado. Nchi ile haina hotdogi moja. Kila mji una yake na kanuni zake, na mwenyeji anaijua yake tangu utotoni.

Tuanze New York, kwa kuwa ndiko historia inakoanzia. Mhamiaji wa Kijerumani, Charles Feltman, alianza kuuza soseji ndani ya mkate kwenye ufukwe wa Coney Island, Brooklyn, mwaka 1867. Baadaye Nathan Handwerker, Myahudi kutoka Poland aliyewahi kufanya kazi kwa Feltman, alifungua kibanda chake mwaka 1916 na kuuza kwa senti 5, wakati Feltman akitoza senti 10. Kibanda hicho, Nathan's Famous, kingali kwenye kona ya barabara za Surf na Stillwell. Soseji yake ni ya nyama ya ng'ombe tupu, inapikwa juu ya bamba la chuma la moto, na ngozi yake hupasuka mdomoni unapoiuma. Huo mpasuko ndio kipimo changu cha kwanza cha hotdogi popote. Haradali na kabichi iliyochachushwa vinaitosha.

Mapishi ya Wayahudi ndiyo yaliyoifanya soseji ya ng'ombe tupu ienee katika miji mikubwa, jambo linalomfaa msomaji asiyekula nguruwe. Lakini asibweteke. Soseji nyingine nyingi huchanganya ng'ombe na nguruwe, na anayetaka nyama ya halali hasa inambidi aulize kila anaposimama. Kuuliza si aibu kule, wauzaji wamezoea.

Chicago ndiko ningempeleka mtu kwanza. Mwaka 1893, wakati wa maonyesho makubwa ya kimataifa mjini humo, wahamiaji wawili kutoka Austria-Hungaria, Emil Reichel na Samuel Ladany, waliuza soseji zao za ng'ombe kwa umati, na kampuni waliyoianzisha, Vienna Beef, hadi leo ndiyo inayolisha vibanda vingi vya mji. Tazama inavyotengenezwa. Skonzi laini iliyotapakaa mbegu ndogo nyeusi hupashwa kwa mvuke. Soseji iliyotoka kwenye maji ya moto inalazwa ndani. Juu yake mstari wa haradali ya njano, kijiko cha achari ya tango yenye kijani kikali mno, vitunguu vilivyokatwakatwa, vipande vya nyanya mbichi upande mmoja, kipande kirefu cha tango la siki upande mwingine, na pilipili ndogo mbili tatu za siki. Mwisho hunyunyiziwa chumvi yenye mbegu za seleri. Mtu wa Nairobi aliyekua akila smokie pasua yenye kachumbari ataelewa mara moja: uchachu na ubichi wa mboga hukata mafuta ya nyama, na mkono mmoja unashika mlo kamili. Umaarufu wake ulikua miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, mboga zikiongezwa ili mtu ashibe kwa senti chache.

Tomato sosi haiwekwi. Mtoto anasamehewa; mtu mzima ataangaliwa vibaya. Nadhani wana haki, kwani utamu wake huzima ladha zote nilizozitaja. Nenda Superdawg, iliyofunguliwa mwaka 1948, ambako bado chakula huletwa hadi kwenye gari lako. Au nenda Gene & Jude's, katika kitongoji cha River Grove: hakuna viti, hakuna nyanya, hakuna tomato sosi hata ya chipsi, na chipsi zenyewe hurundikwa moto moto juu ya soseji kisha vyote vinaviringwa katika karatasi.

Detroit wanaiita Coney, ingawa waliobuni hawakuwa watu wa Coney Island bali Wagiriki. Gust Keros alifungua American Coney Island mwaka 1917, na jirani yake, ukuta kwa ukuta, pana Lafayette Coney Island, iliyotoka katika ukoo huohuo. Wenyeji huchagua upande na hawahami. Soseji humwagiwa mchuzi mzito wa nyama ya kusaga usio na maharage, kisha haradali na vitunguu. Mimi naona mchuzi huo huifunika soseji kupita kiasi. Cincinnati, ambako mchuzi una harufu ya mdalasini na juu yake kunarundikwa jibini iliyokwanguliwa, naisifu zaidi.

Wagiriki wengine walifika hadi Rhode Island. Katika mji wa Providence, ndani ya Olneyville New York System, mpishi hupanga mikate kwenye mkono wake mtupu kuanzia kiganja hadi karibu na bega, anatia soseji moja moja, kisha anapita na haradali, mchuzi wa nyama, vitunguu na chumvi ya seleri. Kinywaji chake ni maziwa baridi yenye sharubati ya kahawa. New Jersey hukaanga soseji ndani ya mafuta hadi ngozi ichanike, na Maine huzipenda zenye ngozi nyekundu ya kuwaka.

Washington ina soseji nene zaidi, yenye moshi, kwa kawaida nusu ng'ombe nusu nguruwe. Mahali pake ni Ben's Chili Bowl, mtaa wa U, palipofunguliwa mwaka 1958 na Ben Ali, Mwislamu mzaliwa wa Trinidad, pamoja na mkewe Virginia. Dkt. Martin Luther King Jr. alipouawa Aprili 1968 na mtaa huo ukaingia katika ghasia, mgahawa huu uliruhusiwa kubaki wazi saa za kafyu.

Kusini-magharibi, jimboni Arizona, asili ni Meksiko. Hotdogi ya Sonora huzungushiwa bekoni na kuchomwa hadi bekoni igande kwenye soseji, ikalazwa katika mkate mnene uliofungwa ncha zote mbili, pamoja na maharage, nyanya, vitunguu, mayonezi, haradali na mchuzi wa pilipili. El Güero Canelo ya Tucson ilianza kama mkokoteni mwaka 1993, na mwaka 2018 ikapewa tuzo ya James Beard. Anayekula nguruwe asiikose. Ndiyo tamu kuliko zote nilizozitaja. Asiyekula, Chicago inamtosha, na akumbuke kuagiza bila tomato sosi.